Shela Iliyobaki Usoni

Diski ya Kombo, mpiga video za harusi, ilikuwa ikilia ta-ta-ta kama inakata roho. Harusi za mji mzima zilikuwa humo, naye alikuwa akizihamishia kwenye diski mpya. Mkewe, Mwanashamba, aliipepea ile kuukuu kwa upande wa kanga isizidi kupata moto.

“Ya fundi cherehani imevuka!” Kombo alishangilia. “Imebaki moja tu.”

“Yetu?”

“Mwenye shughuli anakula mwisho, hujui?”

“Hayo ni ya pilau, bwana we!”

Lakini alizidi kupepea, macho kwenye mstari wa kijani uliokuwa ukijaa polepole katika kioo cha kompyuta. Ukafika nusu, ukapita. Diski ikapiga mluzi, ikanyamaza kabisa.

Kombo akafungua kile kilichowahi kuvuka. Bibi harusi ameketi, shela usoni. Mkono wa bwana harusi ukanyooka, ukashika pindo. Picha ikaganda.

Mwanashamba aliitazama, kisha akaangua kicheko. Akajitanda ile kanga hadi usoni, akaketi wima mbele ya mumewe.

“Haya, malizia.”

Kombo akajifuta jasho la viganja kwenye suruali, akashika pindo.