Ukuta wa Oili

Asubuhi hiyo Siwema aliukuta ukuta wa nyuma wa ofisi ya mji umepakwa oili chafu ya magari, toka chini hadi usawa wa kichwa. Hapo ndipo watu walipozoea kuegemea na simu zao, maana mtandao wa ofisi ulipenya ukutani, na ukisogea kidogo tu unakatika.

Mlinzi alikuwa bado ameshika ndoo. "Bwana Mkuu kasema mnamchafulia rangi ya ukuta."

"Na hospitali inasema dirishani haiandikishi tena wagonjwa, mpaka mtandaoni. Macho ya mama yangu yanaingia giza. Nikamwandikishe wapi, mbinguni?"

"Nunua bando, dada."

"Mtandao huu unalipiwa kwa kodi zetu! Tangu lini mtu akafukuzwa kwenye chake?"

Mlinzi akainamia ndoo yake.

Siwema alikuwa amevaa gauni la njano, la Idi. Akaubandika mgongo kwenye oili, pwaa, akawasha simu. Watu waliokuwa wamefika na simu zao wakatazamana. Kinyozi wa jirani akajibandika kando yake, kisha muuza maandazi, kisha wengine.

Alipokwisha kumwandikisha mama yake hakurudi nyumbani. Alizunguka mbele, akapita mapokezi, akaingia kwa Bwana Mkuu bila hodi. Kiti cha wageni kilikuwa cha kitambaa cheupe.

"Shikamoo," alisema, akaketi, akaegemea kwa nguvu zake zote.

Mlangoni kinyozi na wenzake walikuwa wamesimama, migongo imelowa oili, wakizitazama kuta za ofisi.