Nusu Saa ya Kumpeleka Sebi

Siku hizi mzazi hasafiri kumpeleka mtoto chuoni. Unakaa kwenye kiti pale posta, hapa hapa Songea, unavalishwa kofia, na kwa nusu saa unautumia mwili wa mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeko huko Mwanza. Mwili ni mmoja kwa wazazi wawili, kwa hiyo mimi na Baba Sebi tulizozana wiki nzima.

"Mimi nianze, nibebe sanduku na kufunga chandarua," alisema. "Wewe utatandika kitanda."

"Kutandika anajua mwenyewe. Mimi nataka dakika za mwisho."

Siku yenyewe akala dakika zangu tano akitikisa komeo la dirisha! Zamu yangu ilipofika, nikajiona nina mikono myembamba na kucha za kijani. Maneno yote niliyoyapanga yakanipotea. Nikamkumbatia tu mwanangu. Saa nne kamili nikajikuta posta, nimekumbatia mkoba.

Jioni Sebi akapiga simu.

"Mama, asanteni. Lakini wewe! Umenikumbatia mpaka saa nne na robo, wenzangu wa chumbani wakacheka. Halafu ukalia, ukaondoka bila kuaga."

Baba Sebi akanitazama. Saa nne na robo tulikuwa mgahawani, tunakunywa chai.

"Nilishindwa kukuachia, mwanangu," nikamjibu.

Yule binti aliyetuazima mwili, hata jina hatukumuuliza.