Wavu wa Limi

Upepo ulikuwa unamsukuma Mayenga juu ya wavu wa mjane, naye hakutaka kuuchana. Kuuchana kungekuwa dhambi juu ya dhambi.

Alikuwa peke yake mtumbwini. Mkono mmoja ulishika kafi, mwingine ulikuwa majini umekamata kamba ya wavu. Upepo wa asubuhi ulitoka ziwani, mkondo ukaja kutoka upande wa pili wa kisiwa cha Bumbire, na mtumbwi haukujua umtii nani. Akipiga kafi, wavu unamponyoka. Akiushika wavu, mtumbwi unakwenda zake. Ilikuwa kazi ya watu wawili, lakini mtu wa pili angeuliza maswali.

Miguuni pake, chini ya gunia lililolowa, kulikuwa na sangara kadhaa.

Wavu huo ulikuwa wa Limi, mke wa marehemu Abel. Mtu mwenye aibu angekaa nao mbali. Abel ndiye aliyemtoa Mayenga kwao Magu, akamleta kisiwani, akamlaza nyumbani kwake na kumfundisha uvuvi.

Mwaka jana upepo kama huu uliwakuta wawili hao wametia nanga. Nanga ikanasa kwenye mwamba. Abel akajitosa kwenda kuinasua, maji yakaanza kuingia mtumbwini, na Mayenga akachomoa kisu akaikata kamba. Kufumba na kufumbua mtumbwi ukawa mbali, na Abel hakuonekana tena. Huku nchi kavu Mayenga alisema ni mawimbi. Limi akampikia uji, akamfunika blanketi la Abel, akamshukuru kwa kujaribu. Shukrani ile ilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki. Tangu siku hiyo hakutia nanga tena.

Juzi tu walikuwa wote mwaloni, pale mitumbwi inapopakulia. Rose, mchuuzi wa Rwamishenye anayepeleka samaki Bukoba kwenye makasha ya barafu, alikuwa anapima sangara wa Limi.

“Mawe! Watu wana nyavu mpya zinatoka tupu,” Rose alishangaa. “Huu wako umetobokatoboka, na hauna siku unakosa.”

“Mungu wa wajane halali,” Limi alijibu. “Bila wavu huu ningesharudi Magu na watoto wangu, nikawe mzigo kwa kaka.”

“Lakini kuna mtu anauzungukia,” alisema Alexander, mwenyekiti wa wavuvi, ambaye ndiye aliyekuwa akimtegea Limi wavu jioni na kumvulia asubuhi. “Mara mbili nimekuta dumu la kuelea limesogezwa. Nikimkamata, atajuta kuzaliwa.”

Mayenga alikuwa hatua chache tu kutoka kwao, anasugua mtumbwi uliokwisha kuwa safi. Angekuwa na akili angeacha siku hiyohiyo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa upepo ukazidi. Mtumbwi ulipanda juu ya kamba, na tundu moja la wavu likararuka mbele ya macho yake. Mayenga akaligeukia jiwe jipya la nanga, lililokaa mbele ya mtumbwi mwaka mzima bila kuguswa.

“Nisamehe, Abel,” akasema, akalitupa.

Kamba ikakimbia, ikakaza. Mtumbwi ukageuka taratibu, ukaelekeza uso kwenye upepo, ukatulia kando ya wavu bila kuugusa. Kwa mara ya kwanza akawa na mikono yote miwili. Akauvuta wavu juu, akainama kufanya kazi yake upesi.

Alikuwa ameshika sangara mkubwa, kichwa kikiwa ndani ya matundu, aliposikia injini.

Boti ilitokea nyuma ya miamba. Alexander alishika usukani, Limi amekaa mbele amejifunga kanga kichwani.

“Mwizi! Mwizi wa mjane!” Alexander alipiga kelele.

Kulivuta lile jiwe kungechukua muda asiokuwa nao. Kisu kilikuwa kiunoni. Akiikata kamba mara moja tu, upepo ungemchukua hadi kwenye matete, na huko hakuna boti ya injini inayopita. Mkono wake ulikwenda kwenye kisu. Akaitazama kamba ilivyonyooka na kuzama majini, na moyo ukamkataa. Akakirudisha kisu alani, akakaa, akawasubiri.

Afadhali mwizi, aliwaza. Mwizi anapigwa, anafukuzwa kisiwani, yanaisha. Hakuna anayemuuliza mwizi kwa nini.

Alexander aliukamata mtumbwi kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamzaba kofi.

“Umekula kwa Abel! Umelala kwa Abel! Leo unamwibia mkewe?”

“Nimekosa,” Mayenga alisema, machozi yakimtoka. “Nimekosa sana. Nipelekeni.”

“Shemeji, mchomoe samaki wako,” Alexander alimwambia Limi. “Huyu mbwa niachie mimi.”

Limi aliinama, akaingiza vidole mdomoni mwa yule sangara ili amtoe wavuni. Akashtuka, akavitoa. Vilishika bonge la barafu.

Akalitazama likiyeyuka kiganjani. Kisha akamtazama Mayenga.

“Shemeji,” akauliza polepole, “kwa nini unanitilia samaki wavuni?”