Uso wa Bango la Kakao

"Sivyo," alisema Mama Euphrasie nyuma ya bega la mchoraji. "Pua yake haijanyooka hivyo."

Anselme Courtade alitupa kalamu ya mafuta mezani, kando ya jiwe alilokuwa akilichorea bango. Hiyo ilikuwa mara ya nne asubuhi ile. Mchoraji mzima, ambaye mabango yake watu wa Paris walikuwa wakiyabandua ukutani kabla gundi haijakauka ili wakayatundike sebuleni, leo anafundishwa pua na mwanamke wa kusugua mawe ya kuchapia!

"Pua ya nani, mama? Huyu ni msichana wa kunywa kakao. Nimemtunga mimi!"

"Basi umemtunga vibaya."

Wachapaji wakaangua kicheko. Anselme akaifuta pua, akaichora upya ikiwa imepinda kidogo, ili tu aunyamazishe mdomo ule. Kwa bahati mbaya Bwana Gravelot, mwenye kiwanda, akapita saa ileile. Akaliinamia jiwe.

"Eh! Sasa huyu ni mtu. Wale wengine wako walikuwa wanasesere. Msikilize mama."

Tangu hapo raha ikaisha. Kidevu kipunguzwe. Mdomo ufungwe, huyu hacheki ovyo. Siku ya tatu Mama Euphrasie akataka kovu likate nyusi ya kushoto.

"Kovu! Nani atanunua kakao kwa msichana aliyepigana?"

"Alianguka," alisema mama, kisha akarudi haraka kwenye mchanga wake na maji.

Anselme akaliweka kovu huku anasaga meno. Nakala ya kwanza ilipotoka, kovu lilikuwa kwenye nyusi ya kulia. Hasira zilikuwa zimemsahaulisha kwamba jiwe likichapwa karatasini hugeuza kila kitu, kushoto kikawa kulia.

"Libaki hapohapo," alisema. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Anza upya, mwanangu. Jiwe jingine nimeshakusugulia."

Anselme akapanda ngazi mbio hadi kwa Gravelot. "Ama mimi, ama yule mama!"

"Wachoraji wamejaa tele mjini," alijibu Gravelot bila kuinua macho. "Msugua mawe kama yule sina mwingine."

Akashuka. Akaanza upya.

Bango lilitoka mwezi wa Aprili. Magazeti yakaandika kuhusu "uso usiosahaulika". Wakusanyaji wakaligombania. Kila aliyempa Anselme mkono alimsifia uso, na kila sifa ilimuwasha kama pilipili jichoni. Gauni la manjano lilikuwa lake. Kofia ilikuwa yake. Herufi zile nyekundu zilizojipinda kama moshi, zake. Hakuna aliyeziona.

Wala Mama Euphrasie hakudai chochote, jambo ambalo lilimkera zaidi. Alichofanya ni kuwasumbua wabandikaji kila walipokuja kuchukua mizigo.

"Mtaa wa Belleville mmebandika? Na stesheni? Stesheni zote?"

"Mama anataka sifa mpaka mikoani!" Anselme akamcheka mbele ya watu.

Mama alihesabu kwa vidole majina ya mitaa iliyobaki.

Jumatatu moja, karibu na saa ya chakula cha mchana, mlango wa kiwanda ulifunguliwa. Anselme alikuwa anachora tangazo la sabuni, na kila msichana aliyemchora hakutoka vizuri kwenye jiwe. Alijua ni shabiki mwingine wa mabango. Hakugeuka.

"Kama umekuja kusifia ule uso," alifoka, "mwone yule mama kule nyuma. Ni kazi yake, si yangu!"

Mashine moja ikasimama, kisha ya pili. Anselme akainua kichwa kuona wenzake wanatazama nini.

Msichana wa bango alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Nimefuata anwani ya kiwanda iliyo chini ya bango," alisema. "Kumbe mama yangu bado ananitafuta?"