Ukanda wa Udongo wa Kichuguu

Shemeji alisimamisha ng'ombe na plau kwenye ukanda mwekundu, katikati ya uwanja wetu wa kriketi hapa Kaniha.

"Shikamoo, shemeji," nilisema, ubao wa kupigia mpira mkononi.

"Marahaba, Restituta. Pisha. Shamba la marehemu kaka yangu si la kuchezea mpira. Nalima mahindi."

Uwanja huu aliuanzisha huyo huyo marehemu, mume wangu. Kwingine kote mpira huishia kwenye mashimo ya kwato. Kwenye ukanda huu tu ndipo unapodunda sawasawa, kwa sababu wanawake wa timu tulibeba udongo wa kichuguu, tukautwanga kwa michi, tukausiriba kwa mavi ya ng'ombe kama sakafu za nyumba zetu. Na kila Jumamosi tunarudia.

Nikapisha. "Haya, lima."

Akachapa ng'ombe. Plau ikakwaruza, ikaruka, ikalala ubavu. Akaiinua, akaikandamiza kwa uzito wake wote. Ikaruka tena. Kwenye udongo palibaki mchirizi mwembamba, kama alama ya ukucha.

Nikachuchumaa, nikautemea mate, nikaufuta kwa kidole gumba.

Kisha nikasimama mbele ya vijiti vyetu vitatu vya kulengwa na mpira, ncha ya ubao ikigusa chini.

"Ondoa ng'ombe, shemeji. Wenzangu wamefika, na wa kwanza kupiga ni mimi."