Matanga ya Mzee Kiboko

Hii nawapa, lakini msiseme mmeisikia kwangu. Kiboko alipotoka kwenye utawala, hakuna aliyekwenda kumjulia hali. Hata Ngiri, aliyekuwa akimbebea kiti, alimpita bila salamu. Siku moja Kiboko akalala mchana kutwa, Kunguru akatangaza amekufa. Loo! Ua ukajaa mikeka na vilio. Ngiri ndiye aliyelia kuliko wote: "Hatutapata mwingine kama yule!"

Kiboko akaamka, akatokeza mlangoni. "Jamani, mimi mzima!"

Wakatazamana, wakaanza kukunja mikeka.

"Mnakwenda wapi tena?"

"Mzee, kama u mzima," akasema Ngiri, "sisi tumefuata nini hapa?"

Kiboko akarudi kitandani, akafumba macho.

"Basi kaeni," akasema. "Nilikuwa natania. Nimekufa."