Kiraka cha Pazia

Baba mwenye nyumba aliponyoosha mkono kunimiminia chai, nikaona kiraka kwenye kiwiko cha shati lake.

Kilikatwa kwenye pazia letu la jikoni. Mama yangu alikishona kwa uzi mwekundu, kimekaa upande, huku kaka akifunga begi lake la safari. Tulimcheka sana mama siku ile. Kaka akaondoka na shati lake, na mpaka leo hajarudi.

"Mbona hunywi, mwanangu?"

"Bado ya moto, baba."

Nilikuwa nimewaambia natembea tu, kama wageni wengine wanaolala kwenye nyumba za wenyeji mtaani hapa.

Mkewe alinikazia macho. "Unafanana na mgeni wetu mmoja, wewe. Hata unavyoshika kikombe."

Mzee akacheka, akanizungushia mkono begani. Kiraka kikanigusa shavu. Kilinukia sabuni.

"Wahenga hawakukosea," alisema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Kisha akamgeukia mkewe. "Mama watoto, hebu funga mlango. Upepo unatuletea vumbi."

Nje, hata jani halikutikisika.